Nzi Anayengojwa

Uvira, Kilibula, 8 Juni 2024

Mwalimu Mukakalisa,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi Modeste wa labo ya wadudu, yule mliyekuwa mnamcheka kwa sababu alibandika etiketi hata kwenye kikombe chake cha chai. Miaka kumi na mitatu imepita tangu umalize masomo hapa Uvira ukarudi kwenu milimani, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilaumu kwanza, kisha uendelee kusoma.

Nimejaribu namba yako ya zamani, haipatikani. Niyongabo, huyu anayeteremsha ng'ombe wa machinjio kutoka kwenu, ameniambia antena yenu imekufa tangu mwaka jana, na mwenye neno na watu wa Nyamugari hana budi aandike. Basi kuandika mimi sijawahi kuogopa.

Neno langu ni nzi. Unakumbuka uliporudi kutoka likizo ya mwaka wa pili, ukiwa na mdudu ndani ya bahasha, ukaniuliza, "Papa Modeste, huyu mbu wa miguu mirefu ni wa aina gani?" Nilikujibu ni mbu tu. Nikamtia ndani ya kichupa, nikaandika: Nyamugari, mto Kidasa, jiwe la nyuma ya maporomoko, Mukakalisa, Agosti 2010. Kisha nikamsahau. Mwezi uliopita nilikuwa napanga vitu, nikamfungua, nikamweka chini ya mikroskopi. Mwalimu, yule si mbu. Nilikudanganya bila kujua.

Nikueleze kama nilivyokuwa nawaeleza darasani. Nzi wa siku hizi mabawa yao yana mishipa michache. Kizazi baada ya kizazi wameipunguza, kama mtu anayehama hama na kuacha vyombo njiani. Ila kuna nzi wachache wa kale sana ambao hawakuacha kitu. Kwao mshipa mmoja wa mbele unagawanyika kuwa mitano, na yote mitano inafika ukingoni mwa bawa. Kitabu changu kinasema: ikiwa ni mitano, nenda ukurasa huu, ikiwa ni minne, nenda ule. Nami siwezi kwenda popote, kwa sababu dudu fulani aliingia kichupani akala ncha ya bawa, pale pale pa kuhesabia.

Madame Laure, bingwa wa nzi katika jumba la makumbusho huko Ulaya anayeandikiana na labo yetu, anangoja kwa hamu. Anasema nzi wa namna hiyo hajawahi kusikika upande wetu huu. Kwa hiyo ninakuomba, ukipata Jumamosi moja, nenda kwenye lile jiwe. Watafute wenye mabawa ya mistari, wanaoning'inia kwa miguu ya mbele. Watie ndani ya vichupa hivi. Alkoli ya labo imepungua siku hizi, kwa hiyo nimeweka kanyanga kali kidogo. Nzi hatajua tofauti.

Mama Fabiola anakusalimu. Anauliza kama bado unaogopa kula ndagala wa ziwani wenye macho.

Modeste

*

Nyamugari, 23 Juni 2024

Papa Modeste,

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili nyumba isikie mtu akisema. Nyumba hii ilikuwa ya watu kumi na mmoja. Mama amefariki, ndugu zangu wamevuka kwenda Burundi pamoja na watoto, na ng'ombe unajua mwenyewe walikokwenda. Nimebaki mimi na paka, na paka naye ni mtu wa kutoka. Nikiulizwa kwa nini sikuondoka, najibu kwamba nina darasa la tano na la sita, tena yote mawili katika chumba kimoja.

Usinihurumie lakini. Nina kwaya. Tunaimba Jumatano, Ijumaa na Jumapili, mimi ni sauti ya pili, na mtu akikosa kuja tunakwenda kumtazama nyumbani. Bila kwaya ningekuwa nimesahau hata sauti yangu ikoje.

Sasa nzi wako. Kumbe nilivumbua kitu nikaambiwa ni mbu! Nilikwenda jana. Maji ya Kidasa ni baridi mpaka meno yanagonga, na ili ufike nyuma ya maporomoko lazima uloe. Niliwaona. Wananing'inia kwenye ukoka uliolowa kama nguo zilizoanikwa, hawaruki mpaka uwaguse. Nimeshika watatu. Sijui kama wote ni wenyewe. Ukungu ulikuwa mzito na vidole vilikuwa vimekufa.

Ila Papa, hiyo kanyanga! Umesahau mimi ni mtu wa kanisa gani? Kwetu pombe hainywewi, haiuzwi, haiingii nyumbani, na harufu yake peke yake ni kesi. Vichupa nimevificha ndani ya debe la maharagwe. Nikasali nikamwambia Mungu, haya ni ya nzi, si yangu. Naona amenielewa.

Msalimu sana Mama Fabiola. Mwambie ndagala wenye macho bado wananitazama katika ndoto.

Mukakalisa

*

Uvira, Kilibula, 20 Julai 2024

Mwalimu wangu,

Mitano!

Nimehesabu mara tisa. Nimetoka nje, nimekunywa maji, nimerudi nikahesabu tena. Wawili kati ya wale watatu ni watu wa kawaida, nzi wa mtoni wanaopatikana kila mahali, wasamehe. Lakini wa tatu! Bawa zima, safi, mistari yake kama kitenge, na mishipa mitano imefika ukingoni. Nimefunua ule ukurasa wa kitabu ambao katika miaka thelathini na moja ya kazi sijawahi kuufikia. Karatasi zake zilikuwa bado zimegandana.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikamwita jirani yangu, fundi wa redio, nikamwambia atazame. Akatazama, akasema, "Papa Modeste, miye naona mavi ya nzi tu." Nikamwambia afunge mlango akitoka. Halafu akarudi kuniuliza kwa nini ninaandikiana na mtu wa juu milimani, siku kama hizi. Nikamjibu ni mwanafunzi wangu, na nzi hana kabila.

Sasa tuko hivi: jamaa yake tumeijua, ni ya wale wa kale. Lakini je, ni wa aina inayojulikana mahali pengine, au ni wa kwake peke yake, wa Kidasa tu? Hilo bawa halisemi. Linasemwa na koleo ndogo zilizo mkiani mwa dume, na huyu uliyeniletea ni jike. Tafuta dume, Mwalimu. Mkia wake umekunjwa juu kama ndoano. Madame Laure hali wala halali, anangoja dume.

Nimekutumia lita nzima safari hii, usihangaike tena. Na kwa kuwa najua mambo yako ya kuficha vitu ndani ya maharagwe, nimeiandikia etiketi vizuri, herufi kubwa, wino usiofutika, mbele na nyuma, isije ikachanganywa na mafuta ya taa au dawa ya ng'ombe. Chupa isiyo na etiketi ni takataka. Unajua sheria yangu: kilichomo ndani, na jina la mwenyewe.

Mama Fabiola anasema ulete na siagi ya kwenu.

Modeste

*

Nyamugari, 5 Agosti 2024

Papa Modeste,

Nimefurahi kwa ajili ya mishipa mitano.

Chupa ilifika. Niyongabo aliibeba juu ya mzigo, imefungwa kwa kamba, kwa sababu aliogopa ikivunjika ndani itaharibu chumvi ya watu.

Nina ombi moja. Unitumie barua ya labo, karatasi yenye kichwa, yenye sahihi ya mkurugenzi na muhuri, inayosema kwamba ile dawa ni ya kazi ya labo, na kwamba niliombwa na labo. Mistari mitatu inatosha. Muhuri ndio wa maana. Usiniulize sana, ni mambo ya hapa.

Nimepata mmoja mwenye mkia uliokunjwa. Nimemtia katika kiberiti, juu ya pamba, kwa sababu sina tena kitu cha kumtilia.

Jana sikuimba. Ni koo.

Msalimu Mama Fabiola. Siagi itakuja.

Mukakalisa

*

Uvira, Kilibula, 24 Agosti 2024

Mwalimu,

Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Kiberiti! Dume wa kwanza wa Kidasa, na amefika akiwa unga. Miguu huku, kichwa kule, na mkia, ule mkia wenyewe, umesagika mpaka sikuweza kutambua koleo na kipande cha pamba. Nilikaa na sindano siku mbili nikijaribu kumkusanya. Lita nzima ya kanyanga unayo, inafanya nini huko? Unaipikia? Nilikufundisha mwenyewe: mdudu mkavu husafiri kwa gari la kifahari, mdudu wa milimani husafiri ndani ya alkoli.

Madame Laure ameandika tena. Anauliza ni nini kinachochelewa. Nimeona haya kumjibu kwamba kinachochelewa ni kiberiti.

Habari ya muhuri, usihofu, nitakutumia. Mkurugenzi yuko Bukavu katika mikutano, na sekretari amefunga kabati akaondoka na funguo. Mambo ya ofisi unayajua. Lakini huko kwenu muhuri wa nini? Nani anataka kusoma barua ya nzi?

Hapa ziwa limerudi nyuma kidogo, limetuachia matope na vyura. Asubuhi nafagia, mchana nakaa na mikroskopi karibu na dirisha, jioni nasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Labo kuna kazi nyingi.

Pole na koo. Mama Fabiola anasema unywe maji ya moto yenye tangawizi.

Modeste

*

Nyamugari, 15 Septemba 2024

Papa Modeste,

Nilitaka kukuficha, lakini sasa siwezi, kwa sababu muda umekuwa mfupi.

Siku Niyongabo alipofika ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi jioni watu wote wako nje ya kanisa wakifagia. Alipita katikati yao na mzigo kichwani. Juu ya mzigo ilikuwa chupa yako, na juu ya chupa mwandiko wako mzuri ambao hata mtu aliye ng'ambo ya bonde angeusoma: KANYANGA. MWALIMU MUKAKALISA. Mbele na nyuma, Papa. Aligeuka kusalimu upande huu, wakasoma. Akageuka kusalimu upande ule, wakasoma.

Watoto wa darasa la tano ndio waliosoma kwa sauti. Niliwafundisha mimi.

Mchungaji Rwabuhihi aliniita na wazee. Niliwaeleza habari ya nzi, mabawa, mishipa, na mama wa Ulaya anayengoja. Nilipofika kwenye mkia wa dume nikaona mmoja anauma mdomo asicheke, na mwingine hakucheka kabisa. Huyo akasema, "Weye ni mutoto wetu, tuambie ukweli. Nani anatuma pombe kutoka bonde kuja kwa mwanamuke mwenye anaishi peke yake?" Mwingine akasema ni dharau ya watu wa chini, kwamba wamekwisha kutuchukulia ng'ombe, sasa wanatutumia ulevi. Nikawaambia Papa Modeste si mtu wa namna hiyo. Wakaniuliza ninajuaje.

Chupa waliimwaga mbele yangu. Nimeondolewa kwenye kwaya, nimezuiwa meza ya Bwana, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, pale wanapokaa wageni na waliotengwa. Hakuna aliyekatazwa kunisalimu, ila wanapita upande mwingine. Jumatano na Ijumaa nasikia kwaya kutoka nyumbani. Sauti ya pili imekuwa nyembamba, nalisikia pengo langu. Hakuna aliyekuja kunitazama.

Koo langu ni zima. Kiberiti kilikuwa kwa sababu hiyo.

Hayo ningeyavumilia. Lakini shule ni ya kanisa. Wazazi wameuliza kama mlevi anaweza kufundisha watoto wao, na wazee watakaa tarehe kumi na tisa Oktoba kuamua kama nitaendelea na darasa. Nikinyang'anywa darasa, Papa, sina sababu tena ya kuwa hapa, na sina mahali pengine pa kuwa. Mchungaji si mtu mbaya. Amesema waziwazi, "Lete barua ya labo, iwe na kashe, tutafunga maneno." Muhuri tu.

Msalimu Mama Fabiola. Mwambie tangawizi nilikunywa hivyo hivyo.

Mukakalisa

*

Uvira, Kilibula, 10 Oktoba 2024

Mwalimu,

Najua Niyongabo alipanda mara moja akiwa mikono mitupu. Alikuja hapa akangoja mlangoni, nikamwambia sina barua. Nilikuwa nayo, tena tatu, zote za uongo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya wazee wa kanisa. Sikuifunga. Isome wewe kwanza, kisha uamue kama utaifikisha au utaitia motoni. Haina muhuri. Utajua kwa nini.

Usinijibu ikiwa hutaki.

Modeste

*

Uvira, Kilibula, 10 Oktoba 2024

Kwa Mchungaji Rwabuhihi na wazee wa kanisa la Nyamugari,

Waheshimiwa, ninayewaandikia ni Modeste, mzee wa miaka sitini na minane, Mfuliiru wa bondeni, mkaaji wa Kilibula. Mimi ndiye niliyetuma chupa ya kanyanga kwa Mwalimu Mukakalisa, na mimi ndiye niliyeandika etiketi kwa mkono wangu. Yeye hakuiomba. Alikwisha kunionya kwamba kwenu pombe haiingii nyumbani, nami nikasoma onyo lake nikalicheka, kwa kuwa nilikuwa nawaza nzi tu.

Mliomba barua ya labo yenye muhuri. Sina. Sikuwa nayo tangu mwanzo. Nilipewa pumziko la uzee mwaka 2019, na chumba nilichofanyia kazi kimefungwa tangu maji ya ziwa yaingie. Mikroskopi iliyo mezani pangu ni ile iliyotupwa, niliitengeneza mwenyewe. Alkoli safi ya kazi sina mahali pa kuipata, ndiyo maana nikatumia kanyanga ya mtaani. Hakuna mkurugenzi aliye Bukavu kwa habari hii. Hakuna sekretari mwenye funguo.

Mwalimu aliwaambia kuna mama wa Ulaya anayemngoja nzi huyo. Aliwaambia hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Madame Laure alikuwepo kweli, na zamani tuliandikiana. Mwaka 2020 nilipata barua fupi ya mtu mwingine, kwamba ameacha kazi na mahali pake hapajazibwa. Tangu hapo nimeandika mara sita, sijajibiwa. Wazee wangu, hakuna mtu yeyote duniani anayemngoja nzi huyu isipokuwa mimi.

Nzi mwenyewe ni wa kweli. Hilo ningeapa mbele ya madhabahu yenu. Mshipa wake unagawanyika kuwa mitano.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeanza. Katika kila barua nilimpelekea Mwalimu salamu za mke wangu, Mama Fabiola. Mke wangu alifariki Machi 2022. Binti yetu yuko Lubumbashi, hupiga simu Noeli. Sikukusudia kudanganya. Niliandika salamu ile mara ya kwanza kwa mazoea ya miaka arobaini, nikaisoma, nikaona nzuri, nikaiacha. Mara ya pili nilikuwa najua ninachofanya.

Juma lililopita nilikwenda kwa fundi wa mihuri, karibu na soko. Aliniuliza, "Papa, unataka ya duara ao ya pembe ine?" Nikamwambia ya duara. Alipochukua kisu chake na mpira, akaniomba niandike jina la ofisi kwenye karatasi, asikosee. Maisha yangu yote nimeandika juu ya vichupa kilichomo ndani, na sijawahi kuandika kisichokuwemo. Mkono ulikataa. Nikamwomba radhi nikarudi nyumbani.

Basi ninawaletea ukweli usio na muhuri. Kama kuna mtu wa kuwekwa benchi la nyuma, ni mimi, nami sina hata kanisa linaloweza kunitenga, kwa kuwa niliacha kwenda na hakuna aliyeuliza. Mwalimu Mukakalisa hajawahi kuonja. Mwachieni darasa lake.

Modeste, aliyekuwa mtumishi wa labo

*

Nyamugari, 27 Oktoba 2024

Papa Modeste,

Nimerudishwa. Hilo ulijue kwanza, nisije nikakuweka roho juu. Darasa ni langu, na leo nimeimba.

Barua yako niliisoma usiku nikaificha siku nne. Sikutaka waione. Nilikuwa naona haya, na haya zenyewe zilikuwa zako, si zangu. Tarehe kumi na tisa niliwapa. Mchungaji aliisoma kimya, akampa wa pili, ikazunguka. Yule mzee aliyeniuliza juu ya mwanamke anayeishi peke yake ndiye aliyeishika muda mrefu zaidi. Akaweka miwani mezani, akasema, "Muntu mwenye anajisema mabaya hivi, kashe ya nini tena?" Ikaisha hapo.

Ila wakaamua kwamba, kwa kuwa aibu ilitoka hadharani, usafi nao utoke hadharani. Jumapili mchungaji akaisoma mbele ya kanisa lote, tangu juu mpaka chini. Mama Fabiola. Simu ya Noeli. Benchi. Yote, Papa. Nisamehe, sikuweza kumzuia. Watu wa hapa ambao hawajawahi kukuona sasa wanajua unakaaje. Akina mama walilia, nami nikawakasirikia, kwa kuwa jana yake walikuwa wanapita upande mwingine.

Jumamosi hii walinijia nyumbani. Wanawake kumi na wawili wa kwaya, wakasema, "Tuonyeshe huyo nzi mwenye alikufukuzisha." Tukateremka Kidasa. Wakavua viatu, wakapandisha vitenge, wakapita nyuma ya maporomoko mmoja mmoja wakipiga kelele za baridi. Walikuwepo, wengi, majike na madume, wananing'inia kwenye ukoka. Nikawaonyesha mistari ya mabawa. Mama Uwacu akamtazama mmoja kwa karibu, anavyoyumba huku ameshika kwa miguu miwili tu, akasema, "Kumbe kweli iko mulevi." Tulicheka mpaka maji yakatuingia mdomoni. Sasa hapa anaitwa Mulevi, hata watoto wanamwita hivyo. Sijui kama kitabu chako kinakubali.

Sikushika hata mmoja. Nilikuwa na kichupa mfukoni, nikakiacha mfukoni.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Nimekukasirikia, Papa Modeste. Si kwa ajili ya etiketi. Ile nimeanza kuicheka. Si kwa ajili ya Madame Laure. Jumapili kumi na moja nimekaa karibu na mlango, upepo ukinipiga mgongoni, na kilichonitia nguvu ni kwamba kuna mtu anangoja kazi yangu. Mtu huyo alikuwa wewe. Lilikuwa kosa gani kuniambia? Mara tatu nimemsalimu marehemu, nikamtania juu ya ndagala na tangawizi, wakati ningeweza kukupa pole. Nilikaa huku nikisikiliza kwaya kupitia ukutani, na wewe ulikaa huko ukisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, na katikati yetu tukaweka nzi. Ungeniambia uko peke yako, ningekuandikia bila nzi.

Sitakutumia mwingine. Nataka barua yenye habari zako: umekula nini, nani amepita mlangoni, mguu unauma ama hauumi. Ukiandika neno mshipa, naichana.

Mukakalisa

*

Uvira, Kilibula, 9 Novemba 2024

Mwalimu,

Asante kwa pole uliyonipa, ingawa uliitoa kwa hasira. Ni ya kwanza niliyopata kwa maandishi.

Niyongabo anaondoka kesho, na nimekaa mbele ya karatasi hii tangu asubuhi. Kazi umenipa ngumu. Miaka yote nimeandika juu ya vitu, vimepatikana wapi, lini, na nani. Sijui mtu anaandikaje juu ya mtu ambaye hajakwenda popote.

Nimejaribu hivi.

Jumatatu nilipika mboga ya sombe. Niliweka chumvi mara mbili kwa kusahau, nikala hivyo hivyo. Jumanne mvua. Mguu unauma, wa kushoto. Jumatano nilipanga kwenda kanisani, nikavaa hata viatu, nikaona nimechelewa, nikavivua. Nitajaribu tena. Alhamisi Fabiola alipiga simu, si Noeli wala nini. Aliniuliza kama nimeugua, nikamwambia hapana, akaniuliza tena. Safari hii nilimjibu vizuri. Tuliongea mpaka yuniti zikaisha.

Ijumaa mtu alibisha hodi. Mwanamke wa makamo, na mfuko wa unga kichwani, anatafuta kwa fundi wa redio. Nilikuwa naweza kumwonyesha kwa kidole, ni mlango wa pili. Nikamwambia, "Mama, fundi hayupo, keti umungoje." Mwalimu, fundi alikuwepo. Nilimsikia akikohoa.

Alitua mfuko, akakaa. Nilimchemshia chai. Aliniambia habari za redio yake, na za mwanawe, na jinsi maji yalivyomfukuza mara mbili kutoka nyumba moja. Hakuuliza ile mashine ya dirishani ni ya nini, nami sikumwambia. Baada ya saa nzima fundi akakohoa tena, kwa nguvu. Mama akanitazama. Akasema, "Papa, si huyu ni fundi?"

Nikamwambia ndiye.

Hakuinuka. Alisukuma kikombe mbele yangu, akasema, "Basi uniongezee kidogo, kiisha nitaenda."

Modeste